Mtoto Hana Kesi ya Matusi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la mama, kwa sababu mwaka ule madukani Musoma hapakuwa na kitambaa. Mkononi nilibeba daftari langu la shule lililobakiwa na kurasa kumi na mbili, kwa sababu chini ya barua ya kuniajiri mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: "Karani aje na karatasi." Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikulia Majita katika familia ya wavuvi na wakulima, nyumba ambayo baba alisalisha asubuhi na jioni, na neno baya likimtoka mtu, alilala bila kula.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoanza ukarani wa mahakama leo, wenye kompyuta na viyoyozi. Siwaonei wivu, ila nataka mjue tulifanyaje.

Mahakama ya mwanzo ndiyo ngazi ya chini kabisa, ile iliyo karibu na wananchi. Ilikuwa na hakimu mmoja, tarishi wa kupeleka samansi, karani, na washauri wawili. Washauri ni watu wazima wa eneo hilohilo wanaokaa kulia na kushoto kwa hakimu, na kura ya kila mmoja wao ilikuwa na uzito sawa na ya hakimu. Karani alifungua jalada, akaandika hati ya mashtaka, kisha siku ya kesi akasimama na kuisoma kwa sauti mbele ya mshitakiwa. Wengi walidhani kusoma ndiyo kazi nyepesi. Mimi ndiyo iliyonitoa jasho.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya matusi. Mama mmoja muuza samaki alimshitaki mwanamume aliyemtukana mbele ya watu huko mwaloni, mahali mitumbwi inaposhushia samaki. Alinieleza tusi lenyewe wazi, neno kwa neno. Mimi, binti wa mzee wa kanisa, nikaona siwezi kuliandika. Nikaandika: "alimtukana matusi makubwa yasiyoandikika." Nilijiona nimetumia akili sana.

Siku ya kesi nikasoma. Mshitakiwa akauliza, kwa adabu kabisa, "Tusi lipi hilo, Mheshimiwa? Nitajiteteaje kwa neno nisilolijua?" Hakimu akanigeukia. Nikatazama sakafu. Kesi ikafutwa palepale, na yule bwana akatoka anacheka. Mama muuza samaki alinipitia mlangoni akasema, "Binti, wewe umenitukana mara ya pili."

Nililia chooni. Hakimu wa Musoma, mzee mnene aliyekuwa akifuta miwani yake kwa tai, aliniita chumbani kwake.

"Tusi ni kielelezo," akasema. "Mtu akikatwa panga, panga linaletwa mezani. Akitukanwa, neno linaletwa mezani. Ukilificha umeficha panga."

Tangu hapo niliandika kila neno kama lilivyotamkwa, kwa Kijita, Kikurya, Kizanaki, Kijaluo, lolote lile, na tafsiri yake chini. Watu wakaniita karani wa matusi. Sikuona aibu tena, bali nilianza kupata hamu ya kujua. Kwa nini huyu akiitwa mbwa anacheka, na yule akiitwa mbwa anakuja mahakamani kwa miguu kutoka Bugwema? Nilikuwa na daftari la pembeni nililoandikia mambo hayo, nani alimtukana nani, na kwa neno gani. Karatasi zilikuwa adimu mno. Hukumu tuliziandika nyuma ya fomu za zamani za pamba, na karatasi ya kaboni tuliitumia mpaka ukaliona jua upande wa pili. Lakini daftari langu la pembeni sikuliacha.

Siku moja nikigeuza kurasa zake niligundua jambo. Walikuwemo wake, waume, majirani, walevi, hata padri mmoja. Mtoto hakuwemo hata mmoja. Na mimi nilijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba hakuna watu wanaotukanwa zaidi kila siku kuliko watoto.

Nikampelekea hakimu swali hilo. Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha.

"Sheria inasemaje kuhusu matusi?" akaniuliza.

"Lugha inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani."

"Maana yake ngumi. Tusi linakuwa kosa kwa kuwa linaleta ngumi. Serikali haina shida na tusi lenyewe, inaogopa ngumi."

"Na asiyeweza kurusha ngumi, Mheshimiwa?"

"Huyo hana kesi, binti. Mtoto hana kesi ya matusi." Akaumega muhogo, akanipa kipande. "Akipigwa, akinyimwa chakula, akitelekezwa, hapo tunaweza kusema. Maneno, hapana."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda stendi. Lakini swali lilinikaa rohoni.

Nikahamishiwa Bunda wakati hali inaanza kulegea. Mitumba ilikuwa imeingia, sabuni ilipatikana bila foleni, na Waislamu wenye vyerehani pale mjini walishona mpaka jioni. Hakimu wa Bunda alikuwa mwembamba, aliwahi kuwa mwalimu, na aliiogopa sheria kama mtu anavyoogopa mkwe. Hakuthubutu kuikosea hata koma. Washauri walikuwa Mzee Wambura, mfugaji wa Kiikizu aliyesikia vizuri kwa sikio moja tu, na Bi Zuhura, fundi cherehani, ambaye hakukubali kuitwa mzee hata kwa heshima.

Asubuhi moja akaja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mugeta, mwanamke kijana mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Shuleni kwake alikuwa na mwanafunzi wa darasa la tatu ambaye nitamwita Ghati, ingawa si jina lake. Mama yake Ghati alifariki siku alipomzaa. Baba yake, nitakayemwita Marwa, alimlea akisaidiwa na mama yake mwenyewe, bibi yake Ghati, na yule bibi naye akafariki. Tangu hapo, kwa kosa lolote, kibuyu kikivunjika, ndama akipotea, Marwa alikuwa na sentensi moja tu kwa binti yake: Wewe ulimla mama yako.

"Mwanzoni alisemea nyumbani," mwalimu akaeleza. "Sasa juzi amekuja shuleni, akamwambia mbele ya paredi nzima. Siku hizi wenzake wanamwita Mla-mama. Mtoto ameacha kusema darasani. Nikimwuliza swali ananitazama tu."

"Mwenyekiti wa kijiji anasemaje?" nikamwuliza.

"Anacheka. Eti tusi gani hilo, mbona hakutaja sehemu za siri?"

Hakimu aliisoma taarifa ya mwalimu mara mbili. "Shitaka hili halitasimama," akasema. "Kwanza, si tusi la kawaida. Pili, mtoto huyu atavunjaje amani?" Nikamwambia kwamba kulikataa kabla halijasikilizwa nako si sheria. Akanirudishia taarifa. "Haya, fungua jalada. Andika maneno kama yalivyo. Ila, mama karani, usimpe mwalimu matumaini."

Mwalimu hakutaka Marwa afungwe, na hilo lieleweke. Akifungwa, Ghati angekaa na nani? Alitaka kitu kimoja, maneno yale yakome kabla hayajammaliza mtoto. Hakuwa na mlango mwingine wa kubisha ila wetu.

Siku ya kesi chumba kilijaa. Marwa alisimama kizimbani, mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Ghati alikaa benchi la mbele na mwalimu wake, miguu haijafika sakafuni. Kwa utaratibu wetu mashahidi hutolewa nje baada ya shitaka kusomwa, kwa hiyo alikuwemo ndani niliposimama.

Hapa lazima niseme kosa langu. Karani anaposoma shitaka humtazama mshitakiwa. Ndiyo kanuni, na mimi mwenyewe niliwafundisha wengine. Lakini siku ile udadisi wangu ulinishinda. Nilitaka kuona neno lile linamfanya nini mtoto usoni, jambo ambalo kwa miaka yote sikuwahi kupata nafasi ya kuliona. Nikasoma: "...kwamba ulitumia lugha ya matusi inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani, kwa kusema: Wewe ulimla mama yako. Ni kweli au si kweli?" Na nilipofika kwenye maneno yale niliinua macho, nikamtazama Ghati.

Ghati akashuka kwenye benchi. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama wanavyosimama darasani.

"Ni kweli," akasema. "Ila nilikuwaga mdogo."

Ilinichukua muda kuelewa. Mtoto yule alikuwa ametolewa Mugeta, akaletwa Bunda mbele ya meza yenye nembo ya serikali, akaona watu wamejaa, na hakuna hata mmoja wetu, si mwalimu, si hakimu, si mimi niliyeandika jina lake kwenye jalada, aliyekumbuka kumwambia ni nani anayeshitakiwa. Alijua kosa moja tu duniani, na alijua ni lake. Alikuja kulijibu.

Marwa alikamata mbao za kizimba kwa mikono miwili. "Si kweli," akasema.

Hakimu, maskini, aliishika sheria yake. "Mshitakiwa, unakana? Hukutamka maneno hayo?"

"Nilitamka. Nilikuwaga natamka kila siku. Lakini si kweli, Mheshimiwa. Mtoto hakumla mtu."

Hakimu aliweka kalamu chini. Katika miaka yangu yote sikupata kuona tena mshitakiwa akikiri kosa na kukana shitaka kwa pumzi moja, na sikujua liandikwe wapi. Hatimaye hakimu aliandika kwamba mshitakiwa anakiri kutamka. Kisha akawageukia washauri na kuwaeleza shida yake. Kwa maoni yake hakuna kosa, kwa kuwa sheria inataka maneno yanayoweza kuvunja amani, na mtoto wa miaka tisa hawezi kuivunja.

"Rudia," akasema Mzee Wambura, akigeuza sikio lake zuri.

Hakimu akarudia.

Bi Zuhura akavua miwani yake ya kushonea. "Hebu tumwulize Marwa. Marwa, mimi nikikwambia hapa mbele za watu kwamba wewe ndiye uliyemla mke wako, utanifanya nini?"

Sote tuliona shingo ya Marwa ilivyovimba, na polisi wa zamu akasogea hatua moja.

"Basi hayo ni matusi," akasema Bi Zuhura. "Amani ingevunjika hapahapa. Au sheria inasema tumtukane tu asiyeweza kutupiga?"

"Ningesikiaga mtu ananiambia hivyo, ningechukua panga," akasema Mzee Wambura. "Mimi naona kosa lipo."

Kura mbili dhidi ya moja. Hakimu alishindwa na washauri wake, akaandika hukumu ambayo hakuiamini, kwa mwandiko mzuri uleule. Marwa aliachiwa kwa masharti asirudie maneno yale kwa mwaka mzima. Baadaye mkaguzi kutoka juu alipitia jalada na kuandika pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba washauri waliivuta sheria mbali mno. Mnaweza kuamua wenyewe. Mimi nimeishi na swali hilo muda mrefu na bado naona sheria ndiyo ilikuwa fupi.

Lakini kabla hatujafunga siku ile, hakimu alifanya jambo lisilo kwenye kitabu chochote. Alimwita Ghati mezani, akainama mpaka wakalingana.

"Wewe hukushitakiwa," akamwambia. "Umesikia? Nimesoma jalada lote. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba una kosa. Hukumla mama yako."

Ghati akafikiri. Sijawahi kuona mtu anafikiri vile. Kisha akauliza, "Sasa alikufaje?"

Hakimu akamtazama Marwa. Marwa akatazama ukuta. Wakaondoka, Marwa mbele, Ghati nyuma hatua kumi.

Nilimaliza kazi Butiama. Huko nikawa karani mkuu, nikafundisha vijana wengi. Hakimu wangu wa mwisho alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, na siku sheria ya mtoto ya sasa ilipotufikia alinisomea sehemu inayoeleza maana ya kumdhuru mtoto. Ndani yake matusi yametajwa pamoja na kipigo, na madhara ya hisia pamoja na ya mwili. Hakuna habari ya ngumi wala amani kuvunjika. Nikamwomba asome tena. Akadhani sisikii vizuri. Nilikuwa nasikia, nilitaka tu kuyasikia mara ya pili.

Sasa nimestaafu. Wakati mwingine akina mama wananiuliza: je, tusiseme chochote, hata mtoto akikosea? Semeni. Mtoto akivunja sahani mwambie amevunja sahani. Ninachowaomba mjue ni kwamba mkubwa anaweza kulikataa neno, kulipigania, kulipeleka mahakamani. Mtoto analiamini. Mimi nimemwona akilikiri mbele ya serikali. Na jambo la pili nililojifunza ni kwamba sheria inaweza kulizuia neno baya, lakini haijui kuweka neno jingine mahali pake. Hili nililijua Mugeta, miezi minne baada ya hukumu ile.

Tarishi wetu wa Bunda alikuwa anaumwa malaria, nikajitolea kupeleka samansi mimi mwenyewe. Samansi haikuwa ya Marwa, lakini sitawadanganya, nilipita kwake makusudi. Nilimkuta Ghati uani anachambua pamba. Nikamsalimu, nikamwuliza baba yake anamwambiaje siku hizi.

"Haniambii kitu," akasema.

"Kitu gani hakwambii?"

"Chochote."

Marwa alitokea zizini. Alinitambua, akasimama mbali. Nikamwuliza kama ni kweli hamsemeshi mtoto.

"Naogopa, mama karani," akasema. "Mlinipa mwaka. Najua neno gani litakuwa kesi na lipi siyo? Bora ninyamaze kabisa. Sijavunja sharti."

"Hujavunja. Lakini mtoto aliuliza swali pale mahakamani, na mimi nimekuja kwa ajili ya hilo. Silali."

Ghati aliendelea kuchambua, lakini mikono yake ilipunguza kasi. Kisha Marwa akaanza kusema, akiitazama pamba, hamtazami yeyote kati yetu.

"Uchungu ulimshika mchana. Gari la zahanati halikuwa na mafuta, mwaka ule hakuna gari lililokuwa na mafuta. Nikampakia kwenye baiskeli nimpeleke Bunda. Tairi zilikuwa hazipatikanagi, la nyuma nilikuwa nimelijaza nyasi na kulifunga kwa kamba. Aliniambia lile tairi halitafika. Mara mbili aliniambia. Nikamwambia anyamaze, mimi ndiye ninayeijua baiskeli yangu. Likakatika njiani, mbali na nyumba za watu. Nilikimbia kutafuta msaada. Niliporudi na wanawake wawili, wewe ulikuwa umezaliwa, unalia. Yeye alikuwa hasemi."

Upepo ulipeperusha pamba kidogo uani, na hakuna aliyeiokota. Ghati alikuwa amesimama. Alimsogelea baba yake, akasimama karibu kuliko nilivyowahi kuwaona.

"Lilikatikia wapi?" akauliza.

"Kule, kabla ya korongo."

"Unapajua?"

"Napajua."

"Nipeleke nipaone."

Marwa alimtazama binti yake usoni. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, ina tairi mpya mbili. Alienda, akaishika usukani, akabaki ameishika. Kisha akaiacha pale, akanyoosha mkono, na wakaondoka kwa miguu.